Macho Sita na Sauti Moja

Mtu mmoja alikuwa na droni na alikuwa na mke, na siku ya mwisho ya kawaida maishani mwake mke huyo alisimama kwenye ukingo wa mfereji, kiganja juu ya nyusi, akatazama angani na kusema, "Naiona." Kisha droni ikatua, wakaifuta matope, wakala ndizi mbili zilizobaki mfukoni, wakateremka nyumbani. Ilikuwa Jumanne. Jioni mke alisema kichwa kinamwuma upande mmoja. Ijumaa alizikwa.

Mtu huyo aliitwa Elinihaki Mmbaga, na mkewe Nakijwa. Waliishi katika milima inayolimwa tangawizi, mahali ambapo maji hukusanywa katika mabwawa ya udongo yanayoitwa ndiva, kisha huteremshwa kwa mifereji hadi mashambani. Kazi yao ilikuwa kuyapiga picha hayo yote kutoka juu: mfereji unavuja wapi, tangawizi imeanza kuoza wapi, tuta la ndiva limepata ufa wapi. Elinihaki alikuwa amesomea upimaji wa ardhi chuo kikuu na hakupenda kukisia. Lakini anayeongoza droni hutazama kioo alichoshika mkononi, anga haioni. Na droni yao ilikuwa ya zamani, haina jicho isipokuwa lile la kamera. Ukiielekeza kwenye mti, inakwenda kwenye mti. Kwa hiyo Nakijwa ndiye aliyeangalia anga. Alisimama pembeni, na kila baada ya pumzi chache alisema neno lile moja, ili mumewe ajue kwamba njia ni nyeupe. Palipokuwa na hatari alisema "Simama," na vidole vya Elinihaki vilisimama kabla yeye mwenyewe hajaelewa kwa nini. Na akinyamaza, kanuni ilikuwa hiyohiyo: unasimama, unangoja. Walifanya hivyo miaka tisa. Droni ilivunjika mkono mara moja tu, siku ambayo Nakijwa alikuwa amekwenda harusini.

Nakijwa alikuwa na mdogo wake, Naetwe, aliyeishi kilima cha pili. Kwa sura hawakufanana sana. Kwa sauti walikuwa mtu mmoja, hata mama yao mzazi, simu ikilia, aliuliza kwanza anaongea na nani. Wiki moja baada ya mazishi Naetwe alipiga simu asubuhi. "Haloo, shemeji," alisema. "Umekunywa chai?" Elinihaki alikata simu. Akaiweka mezani, akaifunika kwa gazeti. Naetwe alipiga tena mara mbili wiki ile, hakupokelewa. Akaja mwenyewe, na Elinihaki akapita mlango wa nyuma, akashukia kwenye migomba. Mwishoni Naetwe alituma ujumbe: *Shemeji, kazi zisilale. Nitakuangalizia mimi. Dada alinifundisha.* Elinihaki aliusoma akiwa amesimama. Siku ya pili yake aliteremka mjini kununua droni mpya.

Muuzaji aliigeuza mkononi kama mtu anayeonyesha tunda lisilo na doa. Ilikuwa na macho sita: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini. Ikiona ukuta inasimama. Ikiona tawi inazunguka. Ikipoteza mawasiliano inarudi yenyewe pale ilipoondokea. "Hii, mzee, haihitaji mtu wa pembeni," alisema muuzaji, na Elinihaki hakuuliza swali la pili. Nyumbani alisoma kitabu chake chote, hata ukurasa wa herufi ndogo ulioeleza kwamba macho hayo hayaoni vitu vyembamba kama waya. Aliutia alama kwa penseli. Ile ya zamani, yenye mkono uliogundishwa, aliirudisha kwenye boksi lake na kuiweka juu ya kabati.

Haki itendeke kwa ile mpya: ilikuwa bora. Upepo wa mlimani haukuisukuma. Picha zake zilionyesha mpaka jani lililoanza kugeuka rangi. Elinihaki alikwenda kazini peke yake, akarusha, akapiga picha, akakunja, akaondoka. Kwa wiki saba hakuna aliyemwambia neno lolote akiwa kazini, na hicho ndicho alichokuwa amekinunua.

Mtu mmoja tu alithubutu. Huyo alikuwa Mshana, mkulima mwenye mdomo usiopumzika, ambaye shamba lake lilikuwa chini ya ndiva. Alimwona Elinihaki akiipokea droni inayotua yenyewe kwenye kiganja, akamwita kutoka kwenye matuta ya tangawizi: "Ee, Mmbaga! Naona umeoa tena! Huyu kiboko, hali wala hasemi!" Waliokuwa wakipalilia walicheka, kisha wote kwa pamoja wakaacha kucheka. Mshana mwenyewe alishika mdomo. Elinihaki alifunga mkoba wake, zipu mpaka mwisho, akaondoka. Tangu siku hiyo alipita njia ya juu, na shamba la Mshana hakulipiga picha tena.

Masika yalipofika, mvua ilinyesha siku tatu bila kukoma. Siku ya nne, saa tisa alasiri, ikiwa bado inanyesha, zamu ya kwenda kufungua mlango wa ndiva ilikuwa ya Mshana. Alipanda peke yake, akatembea juu ya tuta mpaka katikati, akainama kuung'oa mlango uliokuwa umekazwa na tope. Tuta likakatika nyuma yake. Alipogeuka ili akimbilie upande wa pili, likakatika mbele yake pia. Akabaki amesimama juu ya kipande cha udongo chenye upana wa kitanda, maji yakipita kulia na kushoto kwake na kuangukia korongoni. Kila baada ya muda, kipande kile kilipungua.

Watu walikusanyika kwenye ukingo. Kati yao na Mshana palikuwa na hatua arobaini za maji ya rangi ya chai ya maziwa. Walikuwa na kamba nzito ya katani, lakini hakuna mkono ulioweza kuirusha mpaka kule. Fundi Mrutu, mwashi, alifunga jiwe kwenye uzi wake wa nailoni, ule wa kunyooshea kuta, akarusha mara tano. Mara zote tano jiwe lilianguka majini. Ndipo mtu akasema, "Mwiteni Mmbaga. Kile kidude chake kipeleke uzi. Mshana akiupata uzi, atavuta kamba."

Elinihaki aliitwa, akatoka na mkoba. Njiani alikikumbuka kile kicheko cha shambani, na kwa hatua kumi au kumi na mbili alitembea polepole. Kisha akakimbia.

Walifunga nati nzito kwenye ncha ya uzi, wakaining'iniza chini ya droni. Ikapaa vizuri, Mrutu akiachia uzi kidogo kidogo. Ilipofika juu ya maji upepo uliichezesha nati, nayo ikabembea mbele ya jicho la chini. Droni ikasimama. Kwenye kioo likatokea neno jekundu: kizuizi. Elinihaki akaisukuma mbele, ikakataa. Akaishusha, ikapanda juu zaidi, kana kwamba inaukimbia mzigo wake yenyewe. Akairudisha, wakafupisha uzi, akajaribu tena. Ikakataa. Mara ya tatu ilifika katikati ya korongo, nati ikabembea mbele ya jicho la nyuma, ikabaki imening'inia pale, salama kabisa, haiendi mbele wala hairudi. Upande wa pili bonge la udongo lilimeguka chini ya mguu wa Mshana, akapiga magoti. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakamwambia anyamaze.

"Inaogopa mzigo wake," Elinihaki alisema. "Naweza kuyazima macho yake. Lakini nikiyazima haioni kitu, na mimi kwenye hiki kioo naona ukungu mtupu. Na pale kuna waya, ambao hata macho hayo yakiwaka hayauoni."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni waya gani. Mwaka juzi umeme ulivushwa juu ya korongo lile, na nyumba za ng'ambo zilikuwa zinawaka taa wakati huo huo. Uzi uliolowa ukigusa waya ule, na Mshana ameshika ncha yake, wangekuwa wamempelekea kifo kwa mikono yao wenyewe.

Naetwe alikuwa miongoni mwa watu. Elinihaki alimwona tangu alipofika na akajifanya hakumwona. Sasa Naetwe alikuwa ameshapanda kwenye mwamba uliotokeza upande wa kushoto, pale ambapo mtu huona nguzo zote mbili na waya kati yake. Hakuna aliyemtuma. Alivua kilemba kilichokuwa kinamdondoshea maji machoni, akaweka kiganja juu ya nyusi.

"Shemeji," alisema kwa nguvu, ili ashinde kelele za maji. "Zima. Mimi naangalia."

Elinihaki aliisikia sauti ile, na kila kitu ndani yake kilitaka kuweka rimoti chini na kupita mlango wa nyuma. Lakini pale ukingoni hapakuwa na mlango. Palikuwa na watu, na mbele yao mtu aliyepiga magoti. Akagusa kioo. Alama sita za kijani zikazimika moja baada ya nyingine.

"Naiona," alisema Naetwe.

Akaisukuma droni mbele. Ilitii, kama ile ya zamani ilivyotii.

"Naiona. Naiona. Shusha, shemeji. Shusha tena. Naiona." Kisha ukungu ukateremka kutoka juu, ukaingia kati ya mwamba na korongo, na Naetwe akanyamaza. Elinihaki akasimama. Betri ilikuwa imeanza kulia. Mrutu, uzi ukiwa umemzunguka kiganja, alisema kwa sauti ya chini, "Twende, Mmbaga, twende, anaondoka na maji yule," na mtu mwingine akasema "Sukuma bwana!" Elinihaki hakusukuma. Alingoja kama alivyokuwa akingoja miaka tisa, na hakujua tena anangoja sauti ya nani.

"Simama hapo hapo!" Sauti ilipasua ukungu. "Waya uko juu yako kabisa, usipande! Shusha kidogo. Kidogo. Sasa mbele. Naiona."

Vidole vyake vilikuwa vimetii kabla hajaelewa. Kwenye kioo ulitokea mkono uliojaa tope, ukakosa, ukajaribu tena, ukaishika nati.

Mshana aliuvuta uzi, na uzi ukaleta kamba. Aliifunga kwapani mara mbili, na watu kumi na wanne wakamvuta katikati ya maji yale. Alipofika ukingoni, kipande cha tuta alichokuwa amesimama juu yake hakikuwapo tena. Walimfunika kwa koti. Kisha meno yakigongana alimtazama Elinihaki.

"Nimemsikia Nakijwa," alisema. Hakuwa anatania.

Watu walitazama chini. Naetwe, aliyekuwa akiteremka kutoka mwambani, alisimama pale alipofika. Elinihaki alikuwa anakunja mikono ya droni, na wote walidhani atafunga zipu mpaka mwisho na kuondoka kama siku ile shambani. Hakuondoka. Aliketi juu ya jiwe karibu na Mshana, akakaa pale mpaka Mshana alipoacha kutetemeka, na alipoachana na Naetwe alimwinamishia kichwa tu.

Asubuhi yake, kabla hajawasha jiko, Elinihaki alichukua simu na kuitafuta namba aliyokuwa ameikata. Ililia mara mbili.

"Haloo, shemeji," ilisema sauti ile. "Umekunywa chai?"

Akaishika simu kwa mikono miwili, na hakukata.

Nanyi mnaosikiliza, mliponunua kile kisichohitaji mtu wa pembeni, mlikuwa mnamkimbia nani?