Chiku na Gari la Vitanda Vitano

Hadithi, hadithi!

— Njoo!

Ije, au irudi ilikotoka?

— Ije!

Ije imeshiba au ije na njaa?

— Ije na njaa, tutailisha!

Haya, ilisheni kwa masikio. Na wewe unayetafuna muwa hapo nyuma, meza kwanza. Mimi siwezi kushindana na meno ya mtu.

Hapo kale paliondokea sange na mkewe. Sange mnamjua? Yule mnyama mdogo wa vichakani, miguu njiti, pua ndefu isiyotulia: fyu, fyu, fyu, kutwa inanusa. Mume aliitwa Sange tu, maana hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Mke aliitwa Chiku. Walipendana, walikula wakashiba, na walichekeshana hata pasipo na la kuchekesha. Walichokosa ni watoto.

Sasa katika nchi ile, masika yakiisha, kila familia ilifunga mizigo ikaenda kupiga kambi Nyika ya Maua. Huko majani ni mabichi, panzi ni tele, na watoto wanacheza mpaka wanasahau kula. Magari ya punda yalipita mbele ya mlango wa Chiku, kwiro-kwiro, kwiro-kwiro. La kwanza lina watoto watatu wananing'inia. La pili lina watoto sita wanagombana. Chiku anasimama mlangoni anawapungia mkono mpaka la mwisho limepita. Halafu anaingia ndani, anageukia ukuta. Sange akimuuliza, "Una nini?" anajibu, "Vumbi limeniingia machoni." Miaka minne, vumbi lile lile.

Mwaka wa tano akasema, "Mume wangu, na sisi tutafute gari."

"La kwenda wapi?"

"Wanakokwenda wenzetu."

Sange alimtazama, akaona hili si la kubishana. Wakaenda kwa Kobe, fundi wa magari. Na nani mwingine awe fundi? Kobe ametembea na nyumba mgongoni tangu azaliwe. Wakamsukia kamba misimu miwili mizima, vidole vikaota sugu, na mapatano yalikuwa haya: kazi ikiisha, wachague gari moja, lolote walitakalo.

Siku ikafika. Kobe akawatoa uani, polepole, kama anavyofanya kila jambo lake.

"La kwanza hili hapa," akasema. Gari dogo jepesi, hema limekunjwa juu ya paa, ngazi ya kamba ya kupandia. Punda mmoja anatosha.

Sange akapanda, akashuka, akapanda tena. "Hili linatutosha sisi wawili."

Chiku akauliza, "Na wakija?"

"Wakija nani?"

"Wakija."

Wakaenda la pili. Lina jiko nyuma, unavuta mlango, sufuria zote ziko mbele yako. Lina meza ya kukunja na benchi ambalo ukilitandika linakuwa kitanda.

"Hili linatutosha, na mgeni mmoja," akasema Sange.

"Na wakija?"

"Atalala kwenye benchi."

"Mmoja atalala kwenye benchi. Na wenzake?"

Kobe akakohoa, akawapeleka nyuma ya banda. Hapo palikuwa na gari refu, magurudumu manne, linataka punda wawili. Mbele turubai ya wenyewe kulala. Ndani vitanda vidogo vitano, viwili huku, vitatu huku, kila kimoja na kamba yake ya kumzuia mtoto asianguke gari likiruka shimo.

Chiku hakuuliza kitu. Aliingia, akakaa juu ya kitanda cha kwanza. Akahamia cha pili. Akahamia cha tatu. Akavikalia vyote vitano, na alipotoka pua yake ilikuwa imetulia, jambo ambalo Sange hakuwahi kuliona.

Sange akamwambia taratibu, "Mke wangu, tutavuta vitanda vitupu mpaka nyikani. Watu watatucheka."

"Wacha wacheke. Mimi nikimwita mtoto, nataka awe na pa kulala. Nitamwitaje nami sina pa kumweka?"

Sange akamgeukia Kobe. "Fundi," akasema, "tunachukua hili."

Eee. Mngedhani yameisha. Lakini nyuma ya uzio alikuwepo mtu anasikiliza, ana tumbo kubwa na miguu ya nyuma mifupi. Nani?

— Fisi!

Fisi ndiye. Akaingia bila hodi. Akalizunguka gari mara moja, akapanda, akajilaza, kichwa kitanda cha kwanza, mkia kitanda cha tatu. Mbao zikalia, kwaa!

"Gari zuri," akasema. "Nalichukua."

"Bwana Fisi, hili ni letu," akasema Chiku. "Tumelifanyia kazi."

"Ninyi wawili, vitanda vitano vya nini?" Fisi akapiga miayo, meno yote nje. "Vitanda ni vya wenye watoto, Chiku. Wewe nenda kalale kwenye tundu la mti."

Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba. Sange akasogea mbele ya mkewe, lakini sange kumkabili fisi ni sawa na njugu kumkabili mtwangio. Chiku akamshika mkono, wakatoka.

Njiani alilia. Nawaambia wazi, alilia, tena hakusingizia vumbi. Lile gari angeweza kulisamehe. Neno la Fisi hakuweza, kwa sababu ndilo neno alilojiambia mwenyewe kila mwaka magari yakipita. Akalia mpaka akafika kwa jirani yake, Nungunungu.

Nungunungu aliitwa Mama Kirumo, kwa mtoto wake wa kwanza. Mwenzake wa njia ya pili aliitwa Mama Sauda. Wote mtaani walikuwa mama wa fulani. Chiku aliitwa Chiku.

"Shoga yangu," akasema Chiku, akijifuta pua, "wanao wako wangapi?"

"Watano, na wananimaliza."

"Wamelala usingizi wa mchana?"

"Hao? Mimi ndiye ninayetaka kulala."

"Niazime."

Wakaongea sikio kwa sikio. Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana, chwa-chwa-chwa. "Wachukue. Wanangu hawana haja ya mlinzi. Anayewagusa atajijua mwenyewe."

Chiku akaosha uso, akarudi kwa Kobe. Fisi bado amejilaza garini.

"Bwana Fisi, hongera kwa gari."

Fisi akafungua jicho moja. "Ahsante."

"Ila nimekumbuka kitu. Vitanda umevifungua?"

"Vinafunguliwaje?"

"Kwetu kitanda kipya cha mtoto hakitumiki mpaka mtoto wa watu alale juu yake kwanza, usingizi mmoja wa mchana. Hapo kinakuwa kimefunguliwa. Kisipofunguliwa, kinamtupa mwenyewe chini, leo, kesho na keshokutwa."

Fisi akageukia lile gamba. "Kobe, ni kweli?"

Kutoka ndani ya gamba ikatoka sauti, "Ni kweli. Ndivyo tulivyokuta."

Na ilikuwa kweli. Mila ile ipo. Hata bibi yangu alimlaza mtoto wa jirani kwenye kitanda cha mama yangu kabla mama hajaletwa nyumbani. Kwa hiyo msiseme Chiku alidanganya. Subirini.

Fisi alikuwa anafikiri. Ukimwona Fisi anafikiri, mate yanadondoka. "Vitanda vitano," akasema. "Watoto watano?"

"Watano."

"Wanono?"

"Wanono."

"Na watalala?"

"Watalala gubigubi chini ya kanga. Ila wewe Bwana Fisi ukae mbali. Usiwaguse kabisa. Ukiwagusa utajuta."

"Mimi? Nitakaa mbali sana," akasema Fisi, akateremka upesi.

Chiku akawaleta watoto wa Nungunungu mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Akamlaza wa kwanza, akamfunika kanga. Akamlaza wa pili, akamfunika kanga. Wa tatu, wa nne, hivyo hivyo. Miiba ya watoto wakiwa wametulia inalala, unaweza kupapasa ukifuata inakoelekea, na Chiku alikuwa anapapasa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya Fisi, lakini kufika kitanda cha nne Fisi alikuwa amemtoka akilini.

Wa mwisho, kadogo kuliko wote, hakutaka kufumba macho.

"Hiki kitanda cha nani?"

"Cha mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Akija, mimi nitalala wapi?"

"Mtabanana."

Mtoto akaridhika, akalala. Chiku akakaa sakafuni katikati ya vitanda vitano vilivyojaa, akasikiliza pumzi zao zinapishana. Alitamani mchana usiishe. Alikaa hata Sange akapenyeza mkono kutoka nje, akamgonga bega na kumnong'oneza, "Toka, anakuja."

Fisi akaja ananyata. Nya, nya, nya. Akachungulia huku, akachungulia kule. Akaona vilima vitano vidogo chini ya kanga, vinapanda na kushuka. Akaingia.

Kitanda cha kwanza. Akafumbua kinywa, ngap!

Chwa!

"Aka! Huyu ana mifupa," akasema Fisi. "Wa pili atakuwa mnofu."

Kitanda cha pili. Ngap!

Chwa-chwa!

"Huyu ana mifupa zaidi," akasema, machozi yanamtoka. "Wa tatu hawezi kuwa hivi."

Mwingine angeondoka. Lakini mlafi hesabu yake ni kwamba akiumia kwa mawili, la tatu ni fidia. Kitanda cha tatu, ngap! Watoto sasa wameamka wote, miiba imesimama, hakuna pa kukanyaga. Fisi akarudi nyuma kwa haraka, akakalia kitanda cha nne.

Chwa-chwa-chwa-chwa!

Akatoka mlangoni, akalipita banda, akaupita uzio, mdomo umejaa miiba na makalio yamejaa miiba, asijue pa kukimbilia. Kwa mbali wakamsikia analia, "Kinanikataa! Kitanda kinanikataa!" Tangu siku ile Fisi hajalala kitandani. Analala chini, tena kwa ubavu.

Kobe akatoa kichwa. Akatazama vitanda, akatazama watoto wanavyocheka, hakuna aliyeumia. "Basi," akasema, "vimefunguliwa."

Mama Kirumo akaja kuwachukua wanawe. Wakashuka mmoja mmoja. Kale kadogo ilibidi kabebwe, kamelala tena. Chiku akasimama mlangoni mwa gari, akawapungia mkono mpaka wakakata kona. Mikono ikawa haina kazi. Sange akaja akasimama karibu naye.

Kesho yake wakafunga punda wawili wakaenda Nyika ya Maua. Kwiro-kwiro, kwiro-kwiro. Watu waliwacheka kweli. "Vitanda vitano, watu wawili!" Wakafika, wakapiga kambi. Mchana wa kwanza mtoto mmoja akaja kulala. Mchana wa pili wakaja watatu. Kufika siku ya saba kina mama walikuwa wanajua, mtoto asipoonekana yuko kwa Chiku. Jua likipungua, mama mmoja anaita, mwingine anaita, na vitanda vinabaki wazi, kimoja baada ya kimoja.

Ee? Unauliza kama alizaa? Nyote huniuliza hilo. Mimi niliipokea hadithi hii inaishia hapo, na siwezi kumzalia.

Basi imefika mwisho. Iliyokupendeza itie mfukoni, isiyokupendeza niachie hapa, kuna baridi nitaikokea moto.

Na funzo? Funzo lipo, msije mkasema nimewanyima. Watu wawili wachukue gari la watu wawili. Usitandike kitanda cha mtu ambaye hajaja, ni kuwachosha punda bure. Lishikeni sana. Chiku naye aliambiwa hivyo, na majirani, na shemeji zake, na mimi ningekuwepo ningemwambia. Akasema ahsanteni. Kisha akaingia garini kutandika.