Bonde Alilolirudisha Ngiri

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na bonde, na mwenye kuliazima.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiota moto kama sisi, Bi Kanga aliishi na vifaranga wake katika bonde la udongo mwekundu. Bibi yake alitaga hapo, mama yake alitaga hapo, naye alitaga hapo. Kwingine hakukujua.

Basi akaja Ngiri, fundi wa kuchimba. Akanusa chini, akasema bonde lile lina makaa ya mawe, moto wa kuwatosha wanyama wote wa milimani. Nao wa milimani walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Mkubwa wao, Mzee Nyati, akamwomba Bi Kanga amwazime Ngiri bonde lake. Kisha Mzee Nyati akampa Ngiri masharti mbele ya wote: udongo wa juu autenge kando, maji machafu ya shimoni asiyaachie mtoni, na akimaliza afukie, mawe chini, udongo juu, kisha apande majani. Asipofanya hivyo, hapewi bonde jingine.

Ngiri akaitikia hata kabla masharti hayajaisha kusemwa. Bi Kanga hakupenda. Mtu wa kukubali upesi hivyo, kweli amesikia? Lakini angefanyaje, na wenzake wanakufa kwa baridi? Akachukua wanawe akahamia kwenye majabali yenye upepo. Huko akataga, yai likabiringika likapasuka. Akataga tena, likapasuka. Akaacha kutaga, akangoja bonde lake.

Ngiri akachimba, akachimba, akachimba, hata makaa yakaisha. Akatuma habari kwamba bonde liko tayari.

Mara ya kwanza walipokuja kulitazama, Ngiri aliwasimamisha mlimani, akawaonyesha kwa mbali. Kijani kitupu! Mzee Nyati akafurahi. Bi Kanga akatega sikio. Bonde la majani halikosi nyenje, na hapa hakulia hata mmoja. Shaka ikamwingia.

Mara ya pili aliwafikisha ukingoni, akawaomba wasikanyage, eti majani bado machanga. Akawakaribisha viazi vitamu. Wakala, wakashiba, wakasahau walichofuata. Bi Kanga hakuonja. Alikuwa akitazama mgongo wa Ngiri, umeganda udongo mwekundu, ule ule wa bondeni kwake. Udongo uliotakiwa kuwa chini ya majani, mgongoni mwa mtu unatafuta nini?

Akamweleza Mzee Nyati. Mzee Nyati akamwambia ana gubu, na kwamba Ngiri ametoka jasho, anastahili shukrani. Vifaranga nao wakamwuliza mama yao kama sasa wanarudi nyumbani. Swali hilo lilimuuma kuliko yote.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya kukabidhi. Mzee Nyati akishatamka kwamba bonde limerudi, basi limerudi, na Ngiri anaenda zake kuchimba kwa wengine. Kabla hajatamka, Bi Kanga akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mzee wangu, mimi sina neno. Jirani yangu amefanya kazi. Ila mila yetu ni moja: anayerudisha chungu cha kuazima hupika humo, akala yeye kwanza. Naomba jirani afukue mizizi humo bondeni, ale yeye kwanza."

Wanyama wakakubali kuwa ndiyo mila. Ngiri akacheka kidogo, akasema ameshiba. Wakambembeleza. Akasema jino linamuuma. Wakambembeleza. Akasema labda kesho. Hapo Mzee Nyati mwenyewe akamkazia macho.

Ngiri akaingia bondeni, akafukua. Majani yakang'oka bila mzizi; yalikatwa kwingine yakachomekwa tu. Akafukua tena, jino lake refu likagonga jiwe jeusi. Akafukua mara ya tatu, maji meusi yakamrukia usoni.

Akaulizwa udongo uko wapi. Wakafuata nyayo zake hadi nyuma ya kilima, wakaukuta wote huko. Alikuwa amejitengenezea dimbwi la kugaagaa.

Bi Kanga akalia. Hakulia kwa furaha ya kushinda, alilia kwa ajili ya mayai yake.

"Nilikuazima bonde likiwa hai," akamwambia Ngiri. "Sipokei maiti iliyovishwa nguo."

Mzee Nyati akaona haya, akamwomba Bi Kanga radhi mbele ya wote. Kisha akamhukumu Ngiri asafishe maji, arudishe udongo wote, na apande bonde zima shina kwa shina, akiwa amepiga magoti ili kila mzizi auone kwa macho yake. Ngiri akapiga magoti. Misimu ikapita, bonde likaota kweli, nyenje wakalia, Bi Kanga akataga. Lakini magoti ya Ngiri yalikuwa yameshazoea. Mpaka leo mkimkuta malishoni, mtazameni: hali majani ila amepiga magoti.

Ngano hii inatufunza kwamba aliyeazima ardhi airudishe na uhai wake, na mwenye ardhi asipokee kijani cha juu juu, afukue kwanza.

Nami nimefika mwisho. Kama ilikuwa tamu, gawaneni. Kama ilikuwa chungu, niachieni niitafune peke yangu.