Mlima wa Nukulalo

Atafutaye kisiwa kifupi hutazama mawingu. Mmeisikia asubuhi hii ufukweni, samaki wakigawiwa, nanyi mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni, na anayetaka kucheka acheke baadaye. Methali hii ilianza hivi.

Kisiwa chetu cha Nukulalo, mnakijua wenyewe, hakina kilima hata cha kumchosha kuku. Ni utepe wa mchanga na minazi uliozunguka maji ya kijani, na hakifikiwi ila kwa mashua, mwendo wa siku mbili. Losaline, binti wa hapa aliyeolewa kisiwa kikubwa, alipanda mashua siku zake za kujifungua zikiwa zimekaribia. Desturi yetu ni mtoto wa kwanza apokewe na mikono ya bibi yake, na mama yake Losaline ndiye aliyekuwa mkunga.

Nahodha Tuilagi alikuwa mgeni wa njia ile. Kwao kuna milima, na nchi huonekana tangu asubuhi hata kama utafika jioni. Siku ya pili alikodoa macho mbele, asione kitu. Siku ya tatu vilevile. Mgeni ni kipofu, ingawa ana macho. Maji ya kunywa yakabaki debe moja, na Losaline akashikwa na uchungu.

"Tumekipita," nahodha alisema. "Tunarudi."

"Siku tatu nyuma, nahodha? Nizalie humu, kati ya mapipa ya mafuta?"

"Dada yangu, siwezi kukuumbia nchi. Nionyeshe mlima, nitaufuata."

Losaline hakuwa na mlima wa kumwonyesha. Alilala chali juu ya magunia, akilia, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, akatazama juu. Mawingu yalikuwa meupe yote. Moja tu, mbali upande wa kushoto, lilikuwa na tumbo la kijani.

Rangi ile aliijua tangu utotoni. Yalikuwa maji ya kwao, jua limeyamulika mpaka rangi yake ikapanda kwenye wingu.

"Kata kushoto!"

"Kuna nini huko?"

"Kuna kwetu! Litazame lile wingu, nahodha. Tazama tumbo lake."

Tuilagi alitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza usukani. Alasiri vichwa vya minazi vikachomoza kutoka baharini, kana kwamba vimeota majini. Hakuna baharia aliyewahi kuona nchi ikianza hivyo.

Bandari hatuna. Mitumbwi ilitoka kwenye mlango mwembamba wa matumbawe kumpokea Losaline, na kabla jua halijazama mtoto alilia mikononi mwa bibi yake.

Nahodha alikuja kumwona mtoto, kofia mkononi. Akamwuliza mkunga, "Mama, mlima wenu uko wapi?"

Yule mama, mikono bado imelowa, akamwonyesha wingu lililokuwa juu ya paa.

"Lo!" alisema Tuilagi, na machozi yakamlengalenga. "Nami siku zote hizi nautafuta chini. Kumbe atafutaye kisiwa kifupi hutazama mawingu."