Mpaka wa Maji ya Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mwangaja uliokuwa na sultani na kiu kwa pamoja, palikuwa na maskini aitwaye Mngwali, asiye na kitu ila ulimi. Sultani Harithi alikuwa na bustani ya michungwa na visima vyake, na ng'ombe wakivuta humo ndoo za ngozi mchana kutwa. Basi visima vya raia vikakauka, wanawake wakateka matope, na Mngwali akasema barazani kwamba ng'ombe wa Sultani wanakunywa mji. Maneno hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yakafika upesi.

Sultani akamwita. "Maji yaliyo chini ya bustani ni yangu. Yawekee mpaka huko huko chini, raia wasiniibie. Ukishindwa, nitakukata ulimi."

"Nimesikia, bwana wangu. Ila kwa desturi yetu mpaka haupandwi bila mwenye shamba kusimama mwenyewe, aonyeshe kwa mguu wake ukomo wa kilicho chake."

Sultani hakutaka kuonekana hajui kilicho chake. Akaketi ndani ya kapu, raia wakashika kamba, wakamteremsha katika kisima kikubwa cha bustani. Akaipita alama ya maji iliyochongwa na babu yake, akaipita ya baba yake, akazidi kushuka. Hata alipofika chini, matope yakamfunika vifundo vya miguu.

"Umeuona mpaka, bwana?" Mngwali akauliza kutoka juu.

"Hakuna mpaka. Nivuteni."

"Wavutaji hawana nguvu, bwana, hawajanywa tangu jana. Wamekwenda visimani kwao kungoja maji. Wakinywa watarudi."

Sultani akaingiwa na hofu. Akawasikia ng'ombe wake wakivuta katika visima vingine vya bustani, akapaza sauti, "Wafungueni ng'ombe."

Wakafunguliwa. Ikawa jua lilipopinduka, maji yakaanza kupanda katika visima vyote, na wa kwanza kulowa akawa Sultani. Yalipomfika magotini, raia walikuwa wamekwisha kunywa, wakaja wakamvuta.

"Sasa, bwana, mpaka niuweke wapi?"

Sultani akakamua kanzu yake, wala hakucheka. "Pale yaliponifika magotini, chonga alama. Maji yakishuka chini yake, ng'ombe hawafungwi nira, wangu wala wa mwanangu."

Mngwali akaingia kapuni na patasi yake, akaomba jambo moja tu: kamba ishikwe na watu waliokwisha kunywa.