Sultani Aliyejiita Asali

Hapo zamani, tena si zamani sana kwani mtandao ulikwisha kufika, alikuwako Sultani wa Mbwajuu jina lake Badru, mwenye majivuno ya kumtosha yeye na jirani yake. Aliposikia kwamba kila jumba kuu lina anwani yake mtandaoni, akataka ya kwake iwe neno moja tu, tamu, lisilo nukta wala mkia: Asali.

Ikawa watu wakiandika "asali" katika simu zao, wanaletewa dawa za kikohozi, mizinga ya nyuki na namna ya kupika visheti. Sultani haonekani hata kivuli. Akaghadhibika, akapiga marufuku neno lile lisitamkwe ila kwa kumkusudia yeye. Siku ile ile askari wakamkamata Bi Tatu, kikongwe wa watu, kwa kumwambia jirani yake alambe asali apone kifua.

Bi Tatu alikuwa na mwana mmoja, Chande Makoti, fukara asiye na mbele wala nyuma, ila ulimi alijaliwa. Akaenda kumwangukia Sultani miguuni huku moyo unamwuma, maana mama ni mmoja.

"Mamako atatoka," akasema Sultani, "siku kila aitafutaye asali atakapofika mbele ya kiti changu. Akikosekana mmoja, utakaa naye humo gerezani."

"Nimesikia na kutii, Maulana. Kila aitafutaye?"

"Kila aitafutaye. Na milango iwe wazi."

Basi Chande akaenda sokoni, na kila aliyeulizia asali akamwonyesha njia ya jumbani. Wakaja wenye vikohozi, wakaja wapishi na mabakuli yao. Kisha akaingia msituni, akarudi na sega linalochuruzika, akalibeba polepole mpaka chini ya kiti cha enzi. Nyuma yake wakaja nyuki, na nyuma ya nyuki akaja nyegere, ambaye hajapata kumwogopa mtu wala kumwamkia.

Waziri akapanda kabati. Sultani akasimama juu ya kiti, kilemba mkononi. "Ewe Chande, na huyu naye kaandika wapi?"

"Hakuandika, Maulana. Ila anaitafuta kuliko sisi sote, nami nimeogopa kumwacha nje nikavunja amri."

"Na aliyekuja kunitafuta mimi ni yupi?"

Chande akatazama umati. "Bado hajafika, Maulana. Mimi nikiitwa Chande sokoni, hugeuka nusu ya soko. Nikiitwa Chande Makoti, nageuka peke yangu. Nawe jina unalo."

Kicheko kikamshinda Sultani, akacheka mpaka akakaribia kumwangukia nyegere. Anwani ikabadilishwa ikawa Jumba la Badru wa Mbwajuu, na Bi Tatu akafunguliwa.

Akatoka anakohoa, kwa baridi ya gerezani. Sultani akaona haya, akaamuru aletewe asali. Watumishi wakapekua jikoni na ghalani wasione hata tone, na nyegere amelala zuliani, tumbo juu. Basi Bi Tatu akashika mkono wa mwanawe, wakaenda kwa yule jirani, ambaye kifua kilikwisha kupona, naye akamlambisha iliyobaki.