Upande wa Pili wa Tanuri

Wapendwa, kaeni vizuri. Na leo mama mwenye mtoto anayelia asitoke nje, tafadhali. Wazee wa kanisa, msimkazie macho. Mwacheni mtoto alie, mtaelewa baadaye kwa nini.

Palikuwa na mwalimu mkuu mmoja ambaye hakuvumilia kuona dawati lina nafasi. Msimfikirie vibaya haraka hivyo. Aliikuta shule ambayo watoto waliingia na kutoka wanavyotaka, na msimu wa mavuno ukifika darasa zima linahamia shambani. Akasema hapana, mimi hapa mtoto atasoma. Akaweka sheria: asiyefika bila taarifa ya mzazi, viranja wanamfuata kwao, wanamleta hata kwa kumbeba, na anapokelewa mstarini mbele ya wenzake kwa fimbo. Mnajua kilichotokea? Madawati yakajaa! Wakubwa wa elimu wakaja wakamsifu, na sisi wazazi tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza wale watoto wamekaa pale kwa kupenda au kwa kuogopa.

Sasa, katika shule hiyo alikuwapo binti mmoja wa darasa la tano. Baba hayupo. Mama akashikwa na homa kali, akapelekwa zahanati ya mbali, na nyumbani akabaki huyu binti na mdogo wake wa kiume, mchanga, hajaota hata jino. Binti akafanyaje? Akamfunga mgongoni, akaenda naye shule. Hebu oneni mtoto alivyoipenda shule! Akafika getini, mwalimu mkuu huyu hapa.

"Hicho nini mgongoni?"

"Shikamoo, mwalimu. Ni mdogo wangu. Mama yuko..."

"Hapa ni shule, si kliniki. Mrudishe. Kesho uje peke yako."

Kesho amwache na nani? Niambieni ninyi mlio wazazi. Akabaki nyumbani. Na hiyo taarifa ya mzazi ingeletwa na nani, ikiwa mzazi mwenyewe yuko kitandani hajitambui?

Basi viranja wakatumwa. Binti alikuwa nyuma ya nyumba anafua nepi, akawaona wanakuja. Alishawahi kuona wenzake wanavyoletwa, huyu kashika mikono, huyu kashika miguu. Hakungoja. Akamfunga mdogo wake kwa khanga ya mama, akakimbia kushuka bondeni, wanakofyatua matofali.

Tanuri la matofali mnalijua. Yanapangwa matofali mabichi, yanapanda juu kama nyumba isiyo na dirisha, na chini yanaachwa matundu yanayopenya kutoka upande huu hadi upande wa pili. Humo ndimo kuni zinaingia. Siku hiyo tanuri lilikuwa tayari limeshapakwa udongo, na kuni zimeshasukumwa ndani. Mwenye kazi alikuwa amekwenda kuchukua mafuta ya taa. Binti akaingia kwenye tundu, akajipenyeza kando ya magogo hadi katikati, akamhamishia mtoto kifuani, akatulia.

Viranja wakamkosa, wakarudi kusema. Mwalimu mkuu akaamua kwenda mwenyewe, fimbo mkononi, jasho linamtoka kwa hasira. Akamkuta mchoma matofali amesharudi.

"Umemwona mwanafunzi amepita hapa? Ana mtoto mgongoni."

"Mimi sijaona mtu, mwalimu. Ndiyo kwanza nafika na mafuta. Zunguka huko nyuma, huku nawasha."

Akazunguka. Akasimama upande wa pili wa tanuri, mbele kabisa ya lile tundu. Binti kutoka ndani akaviona viatu vyake, akaiona na ncha ya fimbo. Na mwalimu akaanza kuita, akidhani yuko vichakani.

"Najua uko hapa! Toka mwenyewe! Nikikukamata mimi, utajuta kuzaliwa!"

Ndugu zangu, ingemgharimu nini yule mwalimu kuinama? Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Aliangalia vichakani, akaangalia shimo la udongo, akaangalia kila mahali mtu anapoweza kuangalia akiwa amesimama wima. Na upande ule mwingine kibiriti kikawashwa. Kuni zilikuwa kavu. Moto ukashika, moshi ukaanza kutembea ndani ya tundu, na upepo ukausukuma kuja huku.

Mwalimu akauona moshi unatoka miguuni pake, akasogea asije akachafuka. Alikuwa ameshageuka kuondoka.

Ndipo mtoto mchanga akalia.

Akalia mara moja, sauti ikakatika kama imefunikwa. Mwalimu akasimama. Akageuka akalitazama tanuri. "Zima!" akapiga kelele. "Zima, kuna watu humo!" Akaitupa fimbo, akalala kifudifudi kwenye udongo na suruali yake ile, akavuta magogo kwa mikono mitupu, akapapasa gizani hadi akaishika khanga, akavuta. Wakatoka wote wawili wakiwa hai. Binti nywele zimeungua upande mmoja, anakohoa hawezi kusimama. Na kwenye mashavu ya yule mchanga kulikuwa na alama za vidole vya dada yake, alivyokuwa akimziba mdomo asisikike.

Mwalimu mkuu akalia. Akamshika binti mabegani, akamuuliza, "Mwanangu, moto ulikuwa unakuja. Huku palikuwa wazi. Mbona hukutoka?"

"Niliuona moto, mwalimu," akasema. "Lakini upande huu ulikuwapo wewe."

Wapendwa, nimekuwa na hofu tangu nilipoanza kuliandaa neno hili. Sisemi watoto wasiende shule. Waende! Kiti kitupu ni jambo la kutisha, na mwalimu yule hakukosea kumtafuta aliyekosekana. Lakini mtoto aliyapima mambo mawili, moto na sisi, akaona afadhali moto. Na aliyeitika ni nani? Ni yule ambaye hajawahi kusimama mstarini kwetu. Alilia kwa sababu alikuwa bado hajafundishwa kutuogopa.

Sasa geuka uangalie benchi lako. Nani hayupo? Usinijibu, lakini unamjua. Yule binti wa kwaya aliyepata mimba, tulituma watu wangapi kwake, na walikwenda kumuuliza nini? Yule baba aliyerudi kwenye pombe, tulipofika kwake tulipiga hodi au tulianza kuhubiri tukiwa barabarani? Tunarudi hapa tunasema, "Tulimwita, hakuitika, moyo wake umekuwa mgumu." Je, kama alitusikia vizuri kabisa? Kama yuko mle ndani hivi sasa, moshi unamfikia, ameona viatu vyetu mlangoni na amejiziba mdomo?

Na nyumbani kwako, mwanao akipatwa na baya leo, atakimbilia kwako au atakukimbia?

Hili Mungu atatuuliza sisi. Hatamuuliza yule binti.

Ibada ikiisha, kila mmoja amwendee mmoja. Usiende kumuuliza kwa nini haji. Muulize mama yake anaendeleaje, na kama kuna mtoto wa kubeba, mbebe. Ukifika mlangoni, kabla hujaita jina lake, angalia kwanza umeshika nini mkononi. Kiache chini. Kisha inama.