Kunde za Tunda

Bakuli tupu halisemi nani kala. Asubuhi ya leo mmemsikia mama yenu akimwambia kaka yenu hivyo, alipokuwa akimfungia chakula cha kazini, nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Mimi siwezi kucheka nanyi. Methali hii niliisikia siku ilipozaliwa, na chanzo chake kilipita nyumbani kwangu. Kaeni basi, ilikuwa hivi.

Wakati huo babu yenu Kibwana alikuwa mvunja mawe machimboni. Mwenzake wa karibu alikuwa Shekue, mume wa jirani yangu Tunda, mtu mkubwa wa mwili na mpole kupita kiasi. Shekue alipopatikana na kisukari, kliniki walimwambia Tunda wazi kwamba dawa peke yake haitatosha. Mumeo asipobadili chakula, hasa kile cha mchana, utampoteza. Aache chai ya sukari, apunguze sembe, ale mboga, kunde na samaki.

Tunda alilishika neno hilo kama kiapo. Wala hakuhangaika na mapishi makubwa. Kunde aliziloweka tangu jioni, alfajiri akazichemsha, akachuma mchicha nyuma ya nyumba, akachoma samaki kwenye makaa yale yale ya chai, akaongeza ugali wa mtama usiozidi ngumi. Alifunga bakuli lake la bati kwa kipande cha kanga kuukuu, akampa mumewe. Jioni bakuli lilirudi tupu, limesuuzwa. Tunda alilifungua pale pale mlangoni, akatazama ndani, akafurahi. Nilikuwa nikimwona, na nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni desturi ya machimboni. Wale wanaume hawakula mmoja mmoja. Saa sita kila mtu alimwaga chakula chake kwenye sinia moja, na adabu yao ilikuwa kwamba hupeleki mkono kwenye ulichokileta mwenyewe. Unakula cha wenzako, wenzako wanakula chako. Anayekaa kando na bakuli lake ni mchoyo, na mchoyo jiwe likimwangukia, walisema, alinyanyue mwenyewe. Basi samaki na kunde za Tunda ziliishia matumboni mwa watu wazima na afya zao, na Shekue akala sembe iliyotoka jikoni kwangu, akashushia chai ya sukari ya birika la wote.

Babu yenu alikuwa akirudi nyumbani anasifu kunde za Tunda. Nilinuna, nikaona ananisema kwa mapishi yangu. Ugonjwa wa Shekue niliujua kwa Tunda, lakini sikumtajia babu yenu, wala sikuwaza zaidi ya hapo. Nilikuwa mjinga, na aliyeumia kwa ujinga wangu si mimi.

Miezi ikapita. Jiwe dogo lilimchubua Shekue kidole cha mguu, kidonda kikakataa kupona. Kliniki wakamwuliza Tunda kama mgonjwa anafuata masharti ya chakula. Aliudhika sana. Safari iliyofuata alilibeba lile bakuli, akaliweka mezani mbele yao, akawaambia linarudi tupu kila siku, watafute sababu nyingine. Shekue alikuwa amekaa ubavuni mwake. Alitazama sakafu.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Wiki ile nilikwenda kumsaidia Tunda kufua, na katika kumliwaza nikamwambia asijilaumu, chakula chake hata Kibwana alikuwa hamalizi kukisifu. Akasimama na shuka mkononi.

"Kibwana amekijulia wapi chakula changu?"

Nikamweleza habari za sinia. Nilidhani anazijua. Alijifuta mikono, akaenda hospitali vile vile alivyokuwa, nami nikamfuata nyuma.

Alisimama kando ya kitanda. "Baba Mbaruku, ulikuwa unakula nini kazini?"

"Nilikula walichokula wenzangu," Shekue alisema.

"Na mimi niliyekuwa naamka alfajiri?"

"Ningekaaje kando na bakuli langu, Mama Mbaruku? Wangeninyanyapaa. Na jioni ulikuwa unalifungua pale mlangoni, unafurahi. Nikashindwa kukwambia."

"Ungenirudishia limejaa," Tunda alisema. "Ningegomba, ningelia, lakini ningejua la kufanya. Ningekwenda mwenyewe kuwaomba wakuache ule chako. Wale ni watu, Shekue. Wangekubali."

Na kweli wangekubali. Babu yenu aliniapia hivyo, akilia. Hakuna hata mmoja machimboni aliyejua kwamba Shekue ni mgonjwa wa sukari. Aliwaficha wao ugonjwa, akamficha mkewe sinia, akabaki katikati peke yake.

Mguu wa pili ulianza kuoza kabla wa kwanza haujakauka. Ramadhani hakuifikia.

Siku ya matanga wanawake walimzunguka Tunda, wakimpa pole kwa maneno tuliyozoea. Mmoja akamwambia ashukuru Mungu, deni la mume hana, kwani mtaa mzima ulijua alivyomlisha, bakuli lilirudi tupu kila siku. Tunda hakumtazama yule aliyesema. Alinitazama mimi, mke wa Kibwana, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Bakuli tupu halisemi nani kala."